Oksijeni Moja Pungufu: ADN na ARN kwa Mtu wa Lugha

Katika semina yetu ya tafsiri hapa Kamina tulipewa karatasi moja ya Kifaransa, ukurasa mmoja tu, iliyoandikwa kwa ajili ya wahamasishaji wa chanjo ya polio vijijini. Sentensi yake ya tatu ilisema kwamba kirusi cha polio ni kirusi cha ARN, na kwamba ndiyo sababu kinabadilika haraka. Tafsiri nne zilirudi mezani. Ya kwanza: "kirusi chenye vinasaba". Ya pili: "kirusi cha DNA ndogo". Ya tatu iliacha "kirusi cha ARN" bila neno la ziada. Ya nne iliiruka sentensi nzima, na mwenye karatasi alijitetea kwa ujasiri: kijijini nani atauliza habari za ARN?

Tulibishana mpaka kengele. Baadhi ya wenzangu walitaka tufungue kamusi, wengine walitaka tupigie kura. Mimi nilimaliza sekondari katika kitengo cha biolojia na kemia kabla ya kukimbilia lugha, na msimamo wangu ulikuwa, na bado ni, kwamba hapa kamusi haisaidii kabla ya kemia. Huwezi kulipatia jina la Kiswahili jambo ambalo hujui linaachana wapi na jirani yake. Na ADN na ARN ni majirani wa karibu mno. Kinachozitenganisha ni atomu moja ya oksijeni katika kila kiungo cha mnyororo, na kikundi kidogo cha kaboni katika herufi moja kati ya nne. Zaidi ya hayo, tofauti nyingi mnazosoma vitabuni ni matokeo au desturi.

Nianze na majina, kwa sababu ndiyo kazi yetu.

Mwaka 1869 Friedrich Miescher, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Tübingen, Ujerumani, alichukua usaha kutoka bendeji za hospitali na kutoa ndani ya viini vya seli dutu yenye fosforasi nyingi, akaiita nukleini, yaani kitu cha kiini. Baadaye wataalamu waligundua kwamba dutu za namna hiyo ni mbili. Wakazipa majina kwa mahali zilipopatikana: moja ikawa asidi ya nukleini ya tezi, kwa kuwa ilitolewa katika tezi ya kifuani ya ndama; nyingine ikawa asidi ya nukleini ya hamira. Majina hayo yaliwapotosha watu kwa miaka mingi. Kwa kuwa tezi ni ya mnyama na hamira ni jamii ya kuvu, iliyohesabiwa siku hizo pamoja na mimea, wengi waliamini kwamba asidi moja ni ya wanyama na nyingine ni ya mimea. Ukweli ni kwamba ndama ana zote mbili, hamira ina zote mbili, na muhogo ulioko shambani kwako una zote mbili. Jina lilionyesha duka, likaficha bidhaa.

Aliyelirekebisha jambo hili ni Phoebus Levene, mkemia mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi New York. Mwaka 1909 alitambua sukari iliyomo katika asidi ya hamira: ni ribosi. Ilimchukua hadi 1929 kutambua ile ya tezi: ni ribosi hiyohiyo iliyokosa oksijeni moja. Tangu hapo asidi hizi zikaanza kuitwa kwa sukari zake. Ile ya hamira ni asidi ribonukleiki, kwa kifupi cha Kifaransa ARN; ile ya tezi ni asidi deoksiribonukleiki, ADN. Herufi D katika ADN haina kazi nyingine ila kusema: oksijeni imeondolewa. Ni alama ya kutoa, kama ile ya hesabu, iliyofichwa katikati ya kifupisho.

Neno ribosi lenyewe lina kisa ambacho mtu wa lugha hatakiwi kulikosa. Emil Fischer alipoitengeneza sukari hiyo mwaka 1891 alikuwa ameitoa kwenye sukari nyingine iitwayo arabinosi, ambayo jina lake linatokana na gundi ya Kiarabu, ile inayotiririka kwenye miti ya migunga. Kwa kuwa sukari mpya ilikuwa arabinosi iliyopangwa upya, Fischer alilipangua neno pia: akachukua baadhi ya herufi zake, akazigeuza, akapata ribosi. Ni mchezo wa maneno wa aina wanaoufanya watoto wetu wakisema kinyume, nao umeketi katika kila kitabu cha biolojia duniani. Herufi za kijenetiki nazo zina asili zake: guanini imetokana na guano, mbolea ya kinyesi cha ndege, neno lenye asili ya Kikechua cha Amerika ya Kusini, adenini kutoka neno la Kigiriki la tezi, timini kutoka jina la ile tezi ya kifuani. Kwa hiyo anayelalamika kwamba Kiswahili kinakopa mno katika sayansi na ajue kwamba sayansi yenyewe ni mkopaji mkubwa.

Sasa tuingie ndani. ADN na ARN zote ni minyororo mirefu. Kila kiungo kina sehemu tatu: fosfeti, sukari na besi. Fosfeti na sukari hupokezana kujenga uti wa mnyororo. Besi hutokeza pembeni na ndizo tunazoziita herufi. ADN ina A, G, C na T. ARN ina A, G, C na U.

Sukari ina kaboni tano, nazo hupewa namba. Kaboni ya 1 hushika besi. Kaboni ya 3 na ya 5 hushika fosfeti, moja upande huu na nyingine upande ule, kama mtu aliyeshikana mikono na majirani wawili. Kaboni ya 4 hufunga pete ya sukari. Inabaki kaboni ya 2, ambayo haina kazi ya kushika mtu. Katika ARN kaboni hiyo imebeba kikundi cha hidroksili, yaani oksijeni moja na hidrojeni moja. Katika ADN imebeba hidrojeni peke yake. Basi. Hapo ndipo penye tofauti yote ya sukari.

Kwa nini jambo dogo hivyo lina uzito? Kwa sababu ya mahali lilipo. Hidroksili ya kaboni ya 2 imekaa jirani kabisa na kiungo cha fosfeti kinachoanzia kaboni ya 3. Ikipoteza hidrojeni yake, oksijeni inayobaki ina chaji hasi na njaa, na fosforasi iko hatua moja mbele yake. Oksijeni huigeukia, huishika, na fosforasi huachia mkono wa jirani wa upande wa pili. Mnyororo umekatika. Hakuna mkasi uliotoka nje. ARN imejikata kwa kiungo chake chenyewe. ADN haiwezi kujikata kwa njia hii kwa sababu oksijeni ya kufanya hivyo haipo.

Mazingira ya alkali huharakisha mambo, kwa kuwa alkali ndiyo inayopenda kunyang'anya hidrojeni. Mama zetu wanaijua alkali bila jina hilo: ni yale maji ya kuchuja majivu yanayolainisha mboga ngumu. Mwaka 1945 Schmidt na Thannhauser walitumia tabia hii kama njia ya maabara. Waliloweka tishu katika alkali kali, kwenye joto la mwili, kwa muda wa saa nyingi. ARN ikavunjika kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka, ADN ikabaki mnyororo mrefu ambao ungeweza kuchujwa na kupimwa. Alkali huiachanisha ADN nyuzi zake mbili, lakini haikati uti wake. Kwa mtu anayetaka kuona tofauti kwa macho, sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Katika maji ya kawaida uharibifu huu huenda taratibu, lakini huenda. Ongeza vimeng'enya vinavyokata ARN, ambavyo vimo katika jasho, mate na vidole vyetu, na utaelewa kwa nini mtu wa maabara anayeshika ARN huvaa glavu kwa hofu ya kuichafua kuliko hofu ya kuchafuliwa nayo. Ndani ya bakteria, ARN ya ujumbe huishi dakika chache. Upande wa pili, mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamesoma ADN yenye umri wa miaka milioni mbili hivi kutoka udongo wa baridi kali wa Greenland.

Lakini msiiwekee ARN alama ya udhaifu tu. Oksijeni ileile inaipa uwezo wa kujikunja katika maumbo mengi, na hata wa kufanya kazi ya kimeng'enya. Thomas Cech na Sidney Altman walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1989 kwa kulionyesha hilo. Mashine inayotengeneza protini katika kila seli yetu, ribosomu, moyo wake ni ARN. Ujumbe unaotakiwa kusomwa na kusahauliwa hauhitaji kuandikwa juu ya jiwe.

Tofauti ya pili iko katika herufi: T kwa U. Timini ni urasili iliyoongezewa kikundi kimoja cha metili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Mliopitia hati za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mtanielewa upesi nikisema kwamba timini ni urasili yenye nukta. Umbo la msingi ni lilelile, inaungana na A ileile, nukta ndiyo inayosema hii ni herufi gani.

Kwa nini ADN ijisumbue kuweka nukta? Sababu ni herufi nyingine, C. Sitosini ina tabia ya kupoteza kikundi chake cha amino ikiwa ndani ya maji, na ikikipoteza inakuwa urasili. Hutokea yenyewe, bila sumu wala mionzi. Inakadiriwa kwamba katika seli moja ya binadamu hutokea mara mia moja hadi mia tano kwa siku. Fikiri sasa kama ADN ingetumia U kuwa herufi yake halali. Msahihishaji akikutana na U angejuaje kama ni U iliyoandikwa hivyo tangu mwanzo au ni C iliyoharibika? Asingejua. Kwa kuwa ADN huandika T, kila U inayoonekana ndani yake ni kosa bila shaka, na huondolewa. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kiligunduliwa na Tomas Lindahl, Mswidi, mwaka 1974, na mwaka 2015 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Nobel ya kemia kwa kuchunguza jinsi ADN inavyotengenezwa inapoharibika.

Jambo hili limetugusa hapa Kongo kwa njia isiyotarajiwa. Kirusi cha mpox, tofauti na cha polio, kina ADN: nyuzi mbili, karibu jozi 197,000 za herufi. Seli za binadamu zina vimeng'enya vya kujilinda ambavyo huigeuza C ya kirusi kuwa U kwa makusudi. Kirusi kikinakiliwa, U hiyo husomwa kama T, na badiliko hubaki milele katika uzao wake. Ugonjwa ulipozuka Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, watafiti waliposoma ADN ya kirusi walikuta alama za namna hiyo nyingi. Kwao ilikuwa kama kuona vumbi la barabara kwenye viatu: kirusi hiki kilikuwa kinatembea kutoka mtu hadi mtu, si kuruka kila mara upya kutoka mnyama wa porini. Kutoka kemia ya herufi moja walipata habari za mwenendo wa ugonjwa.

Vitabu vya shule huongeza tofauti ya tatu: ADN ina nyuzi mbili, ARN ina uzi mmoja. Ni kweli kwa kawaida, lakini si sehemu ya ufafanuzi. Virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto wachanga, vina ARN ya nyuzi mbili. Jamii ya parvo ina ADN ya uzi mmoja. Ukitaka kujua iliyo mbele yako ni ipi, iulize sukari, usihesabu nyuzi. Hata hivyo nyuzi mbili zina faida ambayo sisi watu wa Kamina tunaweza kuiona tukisimama stesheni. Hapa reli kutoka Lubumbashi hugawanyika, moja kwenda Ilebo, nyingine kwenda Kabalo hadi Kalemie. Chuma kimoja cha reli kikipinda, fundi hupima kutoka chuma cha pili, kwa sababu mataruma yameweka umbali uleule kati yao. ADN ni reli ya namna hiyo: palipo A upande huu, upande wa pili pana T, palipo G, pana C. Herufi ikiharibika upande mmoja, upande wa pili unasema ilikuwa nini. Kirusi chenye uzi mmoja wa ARN hakina chuma cha pili cha kupimia.

Na hapa tumefika kwenye polio, na kwenye mkoa wetu.

ARN ya kirusi cha polio ina urefu wa herufi 7,500 hivi. Kimeng'enya kinachoinakili hakirudi nyuma kusoma kilichoandika, na hukosea karibu mara moja kwa kila herufi 10,000. Piga hesabu: karibu kila nakala mpya inazaliwa na kosa moja. Kwa haki ya kemia niseme kwamba sukari haikosei. Anayekosea ni kimeng'enya, na jamii ya virusi vya korona, ambavyo pia ni vya ARN, ina chombo cha kusahihisha. Lakini polio haina. Kwa kulinganisha, ADN ya binadamu, baada ya masahihisho yote, hubaki na kosa moja kwa herufi bilioni moja hivi.

Chanjo ya matone aliyoitengeneza Albert Sabin ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Katika aina ya pili, sehemu kubwa ya udhaifu huo inategemea herufi chache mno. Mojawapo iko mahali pa 481: katika chanjo ni A, katika kirusi cha asili ni G. Herufi moja. Mtoto akipewa matone, kirusi hukaa tumboni kwa wiki kadhaa, humpa kinga, kisha hutoka na kinyesi. Kijiji kikiwa kimechanjwa vizuri, kirusi hicho hakipati pa kwenda, na habari yake huishia hapo. Kijiji kikiwa na watoto wengi wasiochanjwa, kirusi hupita kwao mmoja baada ya mwingine, kikinakiliwa mamilioni ya mara, kila nakala na kosa lake, hadi makosa mengine yanarudisha herufi za nguvu.

Aina ya pili ya polio ya asili ilitangazwa kuwa imetoweka duniani Septemba 2015. Aprili 2016 aina hiyo iliondolewa katika chanjo ya matone ya kawaida, kote duniani. Watoto waliozaliwa baadaye hawakuwa na kinga yake tumboni. Juni 2017 ikathibitishwa kwamba kirusi cha aina ya pili kilichotokana na chanjo kinazunguka Haut-Lomami, na kingine, tofauti, Maniema. Februari 2018 serikali ilitangaza kuwa ni dharura ya afya ya taifa. Watoto walipooza, katika mkoa huu wetu, katika vijiji ambavyo baadhi ya wenzetu wa kitivo wametoka.

Walijuaje kwamba kimetokana na chanjo? Kwa kusoma ARN, kama sisi tunavyolinganisha miswada. Wanachukua sehemu moja ya kirusi, yenye herufi 903, inayotengeneza ganda la nje. Kwa aina ya pili, tofauti za herufi sita au zaidi kutoka kwenye chanjo humaanisha kwamba kirusi kimekaa nje muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Sehemu hiyo hubadilika kwa karibu asilimia moja kwa mwaka, yaani herufi tisa hivi. Kirusi chenye tofauti kumi na nane, basi, kimekuwa kikizunguka kama miaka miwili bila kuonekana. Mwanafilolojia yeyote aliyepanga nakala za utenzi kwa kufuata makosa ya waandishi wake atajisikia nyumbani kabisa. Ili usomaji huo uwezekane, vipimo viwili vya kinyesi huchukuliwa kwa mtoto aliyelegea ghafla, vikiachana kwa saa 24 au zaidi, na husafirishwa katika baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, hadi maabara ya INRB mjini Kinshasa. Anayeitazama ramani ya barabara zetu ataelewa kwamba barafu hiyo ni sehemu ya kemia.

Dawa ya tatizo ilitafutwa palepale kwenye herufi. Chanjo mpya ya aina ya pili, iliyoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya dharura Novemba 2020 na kupewa idhini kamili ya shirika hilo Desemba 2023, ni ARN iliyoandikwa upya ili kurudi kwenye nguvu kuhitaji mabadiliko mengi badala ya moja. Hata kimeng'enya chake cha kunakili kimerekebishwa kiwe mwangalifu zaidi. Si kinga ya moja kwa moja. Machi 2023 ilitangazwa kwamba visa vilivyotokana na chanjo hiyo mpya vimeonekana Burundi, na kwetu Tanganyika na Kivu Kusini. Lakini hurudi nyuma mara chache sana kuliko ile ya zamani.

Nirudi kwenye zile tafsiri nne, sasa tukiwa na kipimo mkononi.

"DNA ndogo" ni uongo mtupu. Kirusi cha polio hakina hata chembe moja ya DNA, kubwa wala ndogo. "Vinasaba" ni neno zuri. Ndani yake kuna nasaba, ukoo, na Tanzania limekwisha kuzoeleka hata watu huisema sheria yao ya mwaka 2009 ya upimaji wa DNA kuwa sheria ya vinasaba. Shida ni kwamba neno linataja kazi, si dutu. Vinasaba vya binadamu ni ADN. Vinasaba vya polio ni ARN. Kusema "kirusi chenye vinasaba" ni sawa na kusema "mtu mwenye damu": kweli, na haina habari. Mbaya zaidi, matumizi ya Tanzania yameifunga "vinasaba" na DNA kiasi kwamba ARN imebaki bila kiti. Ningependa tuliache neno hilo liwe la kazi, popote kazi hiyo inapofanyika, na dutu zibaki na vifupisho vyake: ADN na ARN kwetu tuliosoma kwa Kifaransa, DNA na RNA kwa ndugu zetu wa mashariki. Herufi zimegeuzwa tu, maana yake ni ileile.

Panapohitajika maelezo, kwa wanafunzi, nilipendekeza "asidi yenye ribosi" na "asidi yenye ribosi pungufu". Mwalimu wetu mmoja alipinga, na pingamizi lake lina akili: kwa Kiswahili "pungufu" inanuka kasoro, na msikilizaji ataielewa ADN kuwa ndiyo dhaifu, wakati ndiyo inayodumu. Nilijibu kwamba hapo ndipo somo lilipo. Kilichopungua ni kisu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini iliyopungukiwa ndiyo imara, amekwisha kuuliza swali sahihi, nasi tuna jibu la kaboni ya 2. Hatukukubaliana, na nadhani "pungufu" bado itapingwa.

Kuhusu kuiruka sentensi, niliwahi kufuatana na wahamasishaji nje ya mji siku ya kampeni. Mama mmoja, akiwa na mtoto mgongoni, alisikiliza yote kwa utulivu kisha akauliza: "Sasa papa, munasema polio ya chanjo, njo kusema chanjo njo inaleta magonjwa?" Swali hilo ndilo sentensi iliyorukwa. Lilizaliwa na tafsiri ya haraka, "polio ya chanjo", ambayo ni fupi, inakaa vizuri mdomoni, na inamfanya mzazi mwenye akili timamu aufunge mlango. Wa kijijini waliuliza, na waliuliza hasa pale tulipotaka kupita kimya.

Kwa hiyo karatasi yetu, baada ya rasimu tano, inasema hivi: "Maandishi ya kirusi cha polio yako juu ya uzi mmoja unaoitwa ARN. Kila yanaponakiliwa, herufi hukosewa, na hakuna anayesahihisha. Kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo, kikikuta watoto wote wamechanjwa, hukosa njia. Kikikuta wengi hawajachanjwa, hupita kwao miezi mingi, na makosa yanaweza kukirudishia nguvu. Chanjo ya mtoto wako hufunga njia hiyo." Neno "ribosi" halimo. Lakini bila ribosi tusingejua ni maneno gani yanaweza kuachwa na yapi hayawezi.

Anayetaka kujipima achukue kipande hiki cha ADN. Uzi wa kwanza unasomeka A G U C A. Uzi wa pili, herufi kwa herufi mkabala wake, ni T C G G T. Herufi ipi si halali, ilikuwa nini kabla ya kuharibika, na umejuaje? Ukishajibu, futa uzi wa pili, geuza kila T kuwa U kama ipo, useme kipande ni cha ARN, kisha ulijibu swali lilelile.